Vitabu visivyotoa mawaidha

Safari hii sikuletei kipeperushi. Najua mnavyo vya kutosha, na najua vingine huishia kufungia maandazi. Sisi tunaofanya kazi ya elimu ya afya tunaandika "Epuka ngono zembe", tunaandika "Sema hapana", tunaweka na picha ya kijana anayetabasamu. Ninyi mnasoma, mnacheka kidogo, mnageuza ukurasa. Yaliyoandikwa humo si uongo hata kidogo. Ila jambo ukiambiwa kabla hujalihisi, linaingia sikio la kulia na kutokea la kushoto.

Kwa mwaka mmoja na nusu nimekuwa na kazi yangu binafsi, isiyo na mshahara wala posho: kusoma riwaya zote za vijana zilizopata Tuzo ya Michael L. Printz, kuanzia ya mwaka 2000, moja baada ya nyingine kwa mpangilio wa miaka. Leo nataka nikueleze tuzo hiyo ni kitu gani, vitabu vyake vinagusa nini katika maisha ya mtu wa umri wako, na wapi hadithi inaishia, pale ambapo inabidi umuulize mhudumu wa afya.

Tuzo hii ni ya nani?

Printz alikuwa mkutubi wa shule ya sekondari mjini Topeka, katika jimbo la Kansas, Marekani. Wakutubi wenzake wa chama cha maktaba cha nchi hiyo walianzisha tuzo kwa jina lake, na mshindi wa kwanza alipatikana mwaka 2000. Kila mwaka hutangazwa kitabu kimoja kilichoshinda, na vingine visivyozidi vinne vinavyotajwa kwa heshima. Si lazima mwandishi awe Mmarekani. David Almond, mshindi wa 2001, ni Mwingereza. Melina Marchetta wa 2009 anatoka Australia.

Sasa sikiliza kanuni yao. Majaji wanatakiwa kuangalia ubora wa uandishi peke yake. Kitabu kupendwa na wengi si kigezo. Na ujumbe pia si kigezo! Mimi kazi yangu nzima ni ujumbe, kwa hiyo hapo nilisoma mara mbili.

Lakini fungua vitabu vyenyewe uone. Mimba, ulevi, kubakwa, UKIMWI, dawa za kulevya, figo, kufiwa na rafiki, baba anayempiga mama. Hakuna aliyewaagiza waandishi kuyatia hayo. Mtu akiandika kwa ukweli juu ya vijana wa miaka 14 hadi 18, mambo haya huingia yenyewe, kama vumbi linavyoingia chumbani hata ukifunga dirisha.

Baba wa miaka 16

Chukua kitabu cha The First Part Last cha Angela Johnson, mshindi wa 2004. Ni chembamba, unakimaliza kwa siku mbili za prepo. Bobby ni kijana wa New York. Siku anayotimiza miaka 16, mpenzi wake Nia anamwambia ana mimba. Sura zinakwenda kwa zamu, moja ya "sasa", moja ya "wakati ule". Katika sura za sasa, Bobby yuko na mtoto mchanga anayeitwa Feather, na Nia hayupo. Unasoma huku unajiuliza, huyu msichana kaenda wapi?

Kabla hujajibiwa, unaishi na Bobby. Anaamka usiku mara nne. Anasinzia darasani. Mama yake yumo humohumo nyumbani na anasikia mtoto analia, lakini hanyanyuki: mtoto ni wako, mbebe. Kwetu mara nyingi mambo huwa kinyume. Mtoto anachukuliwa na bibi, msichana anabaki na lawama, na mvulana anaendelea na mpira jioni kama kawaida. Hebu wavulana msome kitabu hiki kwa ajili hiyo tu. Hakuna mahali Bobby anapohubiriwa. Amechoka tu, na wewe unachoka naye, huku ukiona jinsi anavyompenda yule mtoto. Siku moja anachoka kiasi cha kumwacha kwa jirani, anakwenda kuchora ukuta kwa rangi, na anakamatwa.

Samahani, hapa nakumalizia uhondo, lakini afya yako ni muhimu kuliko uhondo. Nia alipata kifafa cha mimba, akapoteza fahamu, na hakuzinduka tena. Mwandishi anaeleza kwa kifupi sana na kuondoka. Acha mimi niendelee.

Kifafa cha mimba hutokana na shinikizo la damu linalopanda, kwa kawaida baada ya wiki ya 20 ya ujauzito. Dalili za hatari ni kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu au vimulimuli, uso na mikono kuvimba, na maumivu makali juu ya tumbo, chini ya mbavu. Halafu hufuata degedege. Linaweza kuja hata baada ya kujifungua. Wasichana walio chini ya miaka 20 na wenye mimba ya kwanza wako katika hatari zaidi. Kliniki wanapokupima presha na mkojo, hiki ni moja ya vitu wanavyovitafuta, na dawa ipo: sindano ya magnesiamu salfeti. Msichana anayeficha mimba kwa kufunga khanga tumboni hapimwi presha na mtu yeyote. Na degedege likimkuta nyumbani, wapo watakaosema ni mashetani, wakaanza na mganga wakati gari lingekuwa njiani kwenda hospitali.

Tena kwa walio Tanzania, jueni kwamba tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wasichana waliokatiza masomo kwa ajili ya mimba kurudi shuleni baada ya kujifungua. Sababu moja kubwa ya kuficha imepungua nguvu.

Msichana aliyenyamaza

Kama ungeniruhusu nikupe kitabu kimoja tu katika rafu yote hii, ningekupa ambacho hakikushinda. Ni Speak, yaani "Sema", cha Laurie Halse Anderson, kilichotajwa kwa heshima mwaka ule wa kwanza, 2000.

Melinda anaanza sekondari hana rafiki hata mmoja. Wakati wa likizo kulikuwa na pati, yeye akapiga simu polisi, wakaja, pati ikavunjika na watu wakakamatwa. Shule nzima inamchukia. Wanamsukuma kwenye korido, rafiki yake wa zamani hamsalimii. Katika watu wote hao hakuna aliyemuuliza swali moja rahisi: kwa nini ulipiga simu?

Alipiga kwa sababu alikuwa amebakwa na mvulana wa darasa la juu, anayependwa na wote.

Wewe msomaji huambiwi hivyo mwanzoni. Unaona tu kwamba anajing'ata midomo mpaka inapasuka. Koo linamuuma kila anapotaka kuzungumza. Alama zinashuka kutoka juu mpaka chini. Amegundua chumba kidogo cha kuwekea mifagio ambacho hakitumiki, anajificha humo. Walimu wanaona utoro. Wazazi wanaona jeuri. Wewe peke yako ndiye unayekaa ndani ya kichwa chake, na ukishafika katikati ya kitabu unataka kumshika mkono umwambie: sema, dada, sema! Kazi hiyo kipeperushi hakiwezi kuifanya, hata tukikichapa kwa rangi nne.

Nikafikiri habari ya maneno tunayotumia sisi. Kiswahili kina neno, na ni neno fupi: kubaka. Lakini nyumbani hatulisemi. Tunasema "yaliyomkuta". Tunasema "amechezewa". Baya kuliko yote, tunasema "ameharibiwa", kana kwamba msichana ni redio iliyoanguka. Sasa mtoto aliyefundishwa kwamba jina la alilotendewa ni "kuharibika", atamwendea nani na kumwambia "mimi nimeharibika"? Atanyamaza. Na kwa wavulana ni vigumu zaidi, maana wengi hawajawahi kusikia kwamba mvulana naye anaweza kubakwa. Anaweza.

Kunyamaza kuna gharama ya saa, namaanisha saa za ukutani. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU baada ya tukio lazima zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Dawa ya dharura ya kuzuia mimba inafaa ndani ya siku 5, na mapema ni bora. Melinda alinyamaza kwa mwaka mzima wa shule. Kwa hiyo likikutokea wewe au rafiki yako: nendeni hospitali siku hiyohiyo. Msioge kwanza kama mnaweza kuvumilia, na nguo zile wekeni kwenye mfuko wa karatasi, msizifue. Tanzania polisi hutoa fomu ya PF3. Lakini kama hospitali ndiyo iliyo karibu, anzieni hospitali, fomu itafuata. Hospitali nyingine zina vituo vya mkono kwa mkono, ambapo daktari, polisi na ustawi wa jamii hupatikana mahali pamoja. Simu ya kuwasaidia watoto ni 116, na kupiga ni bure, Tanzania na hata Kenya na Uganda. Kosa ni la aliyebaka. Sketi haina kosa, giza halina kosa, na kukubali soda ya mtu si kukubali ngono.

Na kama saa 72 zimepita, au hata miaka imepita, bado nenda. Kuna kupimwa, kuna kutibiwa magonjwa mengine, kuna mshauri wa kuzungumza naye. Mwandishi wa Speak mwenyewe alibakwa akiwa na miaka 13. Aliandika waziwazi habari hiyo katika kitabu chake Shout cha mwaka 2019, akiwa mtu mzima.

Neno moja kwa wale ambao jambo hili limewapata: si lazima usome Speak. Ukifungua ukaona moyo unakwenda mbio, kifunge. Kisome siku nyingine ukiwa na mtu unayemwamini, au usikisome kabisa.

Ugonjwa usiotajwa jina

Mwaka 2005 kilitajwa kwa heshima Chanda's Secrets, cha mwandishi wa Kanada, Allan Stratton. Nchi ni ya kubuni lakini iko kusini mwa Afrika, na ukisoma utadhani ni mtaa wenu. Chanda ana miaka 16. Anapanga mazishi ya mdogo wake mchanga, mama yake anakonda, majirani wanachungulia. Kila mtu anajua ni nini na hakuna anayetamka. Mama anaondoka kwenda kijijini ili afie mbali, watoto wake wasichekwe. Chanda anamfuata kumrudisha nyumbani, mchana, watu wakiona. Kimetengenezwa kuwa filamu pia, Life, Above All, ya mwaka 2010, iliyopigwa Afrika Kusini.

Sisi nasi tumeupa UKIMWI majina chungu nzima ili tusiutaje. Kule Kagera, ulikoonekana Tanzania kwa mara ya kwanza mwaka 1983, waliuita Juliana, jina la mashati ya fasheni ya wakati huo. Baadaye ikaja "ngoma", ikaja "umeme", ikaja "kakanyaga miwaya". Yanachekesha, ndiyo. Lakini mtoto wa nyumba ile hacheki.

Jambo moja ulitazame kwa jicho la leo. Kitabu kilitoka 2004, wakati dawa za ARV zilikuwa hazijawafikia watu wengi Afrika. Siku hizi mtu mwenye VVU anayekunywa dawa kila siku, mpaka kipimo kisione tena virusi kwenye damu yake, haambukizi mwenzake kwa njia ya ngono. Anasoma, anafanya kazi, anazaa mtoto asiye na VVU. Kwa hiyo usisome ukadhani mwisho wa mama Chanda ndio mwisho wa kila mtu. Kwenye dawa kitabu kimepitwa, lakini kwenye majirani hakijapitwa hata siku moja.

Vingine kwa haraka

Mshindi wa kwanza kabisa, Monster cha Walter Dean Myers, ni cha kijana wa miaka 16 wa Harlem aliye mahabusu kwa kesi ya mauaji dukani. Kimeandikwa kama mswada wa filamu, kwa hiyo hata mvivu wa kusoma atakimaliza. Kinafaa kwa yeyote anayedhani kusimama tu pembeni washikaji wakiiba si kushiriki.

Looking for Alaska cha John Green, mshindi wa 2006, ni cha shule ya bweni, na walio bwenini watacheka: mlezi mkali, kuvuta sigara kwa siri, utani wa usiku. Halafu Alaska, akiwa amelewa na analia, anataka kuondoka na gari usiku. Marafiki zake wanamzubaisha mlezi ili apite. Anapata ajali na kufa. Nusu ya pili ni marafiki kujiuliza kama ilikuwa bahati mbaya au alikusudia, na hawapati jibu. Kwenye vitabu vyetu vya afya kuna sentensi moja ambayo wao hawakuijua: ukimuuliza rafiki waziwazi "je, unafikiria kujiua?", humtii wazo ambalo hakuwa nalo. Unampa mlango wa kusema. Na funguo za gari unamnyang'anya, hata akikutukana.

The Poet X cha Elizabeth Acevedo, cha 2019, ni riwaya ya mashairi mwanzo hadi mwisho. Wenzetu waliona ni jambo jipya. Kwa Mswahili hadithi ndani ya mashairi ni utenzi tu, tunao kwa karne nyingi. Mwana Kupona wa Pate alimtungia bintiye utendi wa kumwongoza mwaka 1858. Xiomara wa Harlem yeye ni kama binti anayemjibu mama kwa mashairi, kuhusu dini, kuhusu mvulana, na kuhusu mwili uliokua haraka mpaka wanaume barabarani wanamtupia maneno. Wasichana, mtajiona humo.

All My Rage cha Sabaa Tahir, cha 2023, kina mama mwenye ugonjwa wa figo anayeruka siku za kusafishwa damu kwa sababu ya gharama. Mwanawe anaanza kuuza dawa za kulevya ili kuokoa hoteli yao ndogo. Kilinikaa kifuani wiki nzima.

Wala si vyote vinavyonikosha. Going Bovine cha Libba Bray, cha 2010, kinahusu kijana mwenye ugonjwa wa ubongo unaotokana na ng'ombe. Watu wanakisifu sana. Mimi kilinichosha, ni kirefu mno na vituko vyake havina breki. Tuzo si amri. Una haki ya kusema hiki hapana.

Utavipata wapi?

Ukweli ni kwamba vitabu hivi ni vya Kiingereza na ni ghali vikiwa vipya. Mimi vingine nimeviokota kwa wauza vitabu vya mitumba wa pembezoni mwa barabara, vingine nimeazima, vingine nimesoma kwenye simu. Uliza Maktaba Kuu pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed, Dar es Salaam, au maktaba ya mkoa wako. Usisimame kila neno gumu. Lizungushie duara kwa penseli kwenye daftari, endelea, maana itakuja yenyewe kwenye ukurasa unaofuata. Mimi kwenye daftari langu kila kitabu kina ukurasa mmoja: nani alinyamaza, alihitaji kusema nini, angemwambia nani. Darasa lote mnaweza kuzungusha nakala moja.

Na huenda rafu yako ya tuzo iko tayari kwenye begi. Unanswered Cries cha Osman Conteh wa Sierra Leone, ambacho wanafunzi wengi wa Tanzania wamekisoma kwa ajili ya mtihani, kilipata tuzo ya Macmillan ya waandishi wa Afrika. Olabisi, msichana anayekataa kukeketwa mpaka kesi inafika mahakamani, hakuandikwa ili wewe ujibu swali la "themes" tu. Kisome tena bila kalamu ya mtihani. Ilikuwepo pia Tuzo ya Burt, iliyotolewa kwa riwaya za vijana za Tanzania na nchi nyingine za Afrika, na nakala zake ziligawiwa shuleni na maktaba. Tafuta kwenye kabati la shule, huenda zimelala humo na vumbi. The Detectives of Shangani cha Nahida Esmail ni mojawapo, cha upelelezi Zanzibar, kwa siku unazotaka kupumzika na mambo mazito.

Mimi nimefika mshindi wa 2025, Brownstone, cha Samuel Teer na mchoraji Mar Julia. Ni hadithi ya michoro. Msichana wa miaka 14 amepelekwa likizo kwa baba ambaye hajawahi kumwona, mtu wa Guatemala, na lugha hawaelewani. Wanakarabati nyumba kuukuu pamoja, msumari kwa msumari. Nimebakiza kurasa kama 60.